Faili la Mjomba Fikri

Mallawi, 6 Septemba 1986

Kwa mpwa wangu Mervat, nuru ya ukoo wa Abdel-Tawwab,

Pokea salamu za mtu aliyekubeba begani kwenda kuangalia treni zikipita. Huku sote wazima. Mkaza mjomba wako Tafida ana goti lake na goti lina yeye, hawaachani. Joto limepungua, nzi bado. Mwambie mama yako Kawkab kwamba dada anayekaa miezi mitatu bila kumwandikia kaka yake ana moyo wa jiwe, na hilo jiwe alilirithi kwa baba, si kwa mama.

Sasa jambo lenyewe. Nimesoma gazetini kwamba Chuo Kikuu kinatoa kitabu cha wahitimu wake mia moja mashuhuri, sherehe yake ni Desemba, na ofisi inayokusanya majina ni hiyo hiyo unayofanyia kazi. Sikupiga kelele. Nilimsomea Tafida habari hiyo mara mbili, kisha nikaisoma kahawani kwa sauti ya kawaida tu. Kinyozi Naggi akauliza, "Ustadh Fikri, si ndicho chuo chako wewe?" Nikamwambia ndicho. "Basi nawe umo?" Nikamwambia mambo kama hayo mtu hajiulizii mwenyewe.

Kwa hiyo nakuuliza wewe.

Sijisifu, lakini ukweli uwekwe mezani. Treni ya haraka ya Aswan inasimama Mallawi dakika mbili kwa sababu ya barua arobaini na moja nilizoiandikia Wizara. Mjane Umm Ragab anapata pensheni kwa kalamu yangu. Nyumba ya Abu Hashish na nyumba ya Abu Doma walikuwa wakitoana meno kwa ajili ya pampu ya maji. Sasa wanaoana, kwa mkataba nilioandika mimi. Na Sayyid muuza viatu, ambaye serikali ilimwandika amekufa, mimi ndiye niliyemfufua kwa nakala tatu. Yote haya nimeyafanya bure, baada ya saa za kazi, mimi karani mstaafu wa Idara ya Umwagiliaji mwenye shahada ya Sheria ya mwaka 1950.

Ukiona nafasi, sawa. Usipoona, nitajua kwamba dunia imebadilika.

Mjomba wako,
Fikri Abdel-Tawwab


Kairo, 19 Septemba 1986

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na goti la mkaza mjomba nalo shikamoo. Mama anasema jiwe hilo lilirithiwa na wote wawili, tena wewe ulipewa kipande kikubwa. Atakuandikia akimaliza kuchemsha nyanya za mwaka mzima. Nyumba nzima inanuka sosi, hata mto wangu wa kulalia.

Kuhusu kitabu, Mjomba, ungejua ofisi hii ilivyo ungeniombea dua. Chuo kina wahitimu kama mchanga na kila mmoja ana shemeji. Kitivo cha Tiba kimeleta majina tisini na saba, wakasema kwa ukarimu wao wametuachia nafasi tatu. Uhandisi wanadai kila daraja Misri ni lao. Mkurugenzi wangu, Dokta Shawkat, ana mume wa dada yake ambaye sifa yake, nilivyoelewa mimi, ni kwamba amewahi kufika Ujerumani. Jana maprofesa wawili wenye mvi walitupiana sahani ya karanga.

Hata hivyo sijasahau ombi lako. Utaratibu ni kwamba kila jina litafutiwe faili lake masjala kwanza. Masjala iko chini ya ardhi na ina mtu mmoja tu anayeielewa, Ustadh Lutfi. Nimemwachia jina lako na mwaka. Ni mtu makini sana.

Mpwa wako,
Mervat


Mallawi, 28 Septemba 1986

Mervat mwanangu,

Salamu zetu zikukute ukiwa na afya na sahani zote zikiwa mezani. Tumevuna bamia. Tafida amekausha mashada saba.

Hilo la kutafuta faili mimi naona ni kupoteza muda wa watu. Kila mtu Mallawi ananijua. Ukitaka mashahidi nitakuletea mia mbili. Huyo Ustadh Lutfi peke yake chini ya ardhi, asije akapata pumu kwa vumbi kwa ajili yangu. Mwambie apumzike.

Naomba radhi kwa jambo moja dogo. Kinyozi Naggi alielewa vibaya nilichosema kahawani. Ameandikisha bango la kitambaa, mita nne, lenye maneno: MALLAWI YAMPONGEZA MWANAWE ALIYE MIONGONI MWA MIA. Limetundikwa kati ya duka lake na bucha la Hajj Bayoumi. Nilipomwambia ni mapema mno, alisema kitambaa kilikuwa bei nzuri. Na watu wameanza kujiandikisha kwa basi la kuja Kairo siku ya sherehe. Basi moja tu.

Nimekutumia kwa treni mtungi wa asali nyeusi ya miwa. Mgawie na mkurugenzi.

Mjombako


Kairo, 14 Oktoba 1986

Mjomba wangu mpenzi,

Asali imefika. Kusema kweli imefika kwenye orodha ya majina pia, maana mfuniko ulilegea njiani nami niliuweka mtungi juu ya meza. Kitivo cha Tiba kimenata chote. Ustadh Lutfi alipanda juu na maji ya moto na kitambaa, akatenganisha karatasi moja moja kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwa mwanamume. Baadaye tulikula iliyobaki kwa mkate na ufuta.

Mama mzima. Amegombana na jirani wa juu kuhusu kamba ya nguo.

Faili lako limepatikana. Liko katika hali nzuri sana.

Mpwa wako,
Mervat


Mallawi, 18 Oktoba 1986

Mervat,

Salamu. Wote wazima. Nakuandikia nikiwa nimesimama stesheni ili barua iwahi treni.

"Hali nzuri sana" maana yake nini? Umelisoma, au umeliona tu kwa nje?

Nikukumbushe, kama mtu aliyeishi enzi zile, kwamba kumbukumbu za miaka hiyo si za kutegemewa. Kulikuwa na karani mmoja wa Kitivo cha Sheria aliyekuwa haoni vizuri. Kulikuwa na maandamano. Nasikia pia kulitokea mafuriko, au moto, sikumbuki kipi kilitangulia. Ikiwa utaniambia, "Mjomba, faili limeliwa na panya," mimi nitaelewa, na watu wa hapa wataelewa, na hakuna atakayekulaumu wewe wala panya.

Fikiria hilo la panya.

Mjombako

Mabasi sasa ni mawili.


Kairo, 27 Oktoba 1986

Mjomba wangu,

Salamu nyingi. Mama na jirani wamepatana. Kamba ya nguo imehamishwa.

Nimemuuliza Ustadh Lutfi kuhusu panya. Aliumia moyo. Amefuga paka wawili kwa ajili hiyo na tangu aanze kazi hajapoteza hata risiti. Moto haujawahi kutokea. Mafuriko yalikuwa bomba la maji la mwaka sitini na tatu, nayo yaliishia kwenye faili za Kitivo cha Kilimo.

Mjomba, je, kuna jambo lolote ungependa kuniambia?

Sina haraka. Mimi ni mpwa wako, si mkurugenzi. Ila orodha inafungwa tarehe ishirini na tano Novemba.

Mervat


Mallawi, 3 Novemba 1986

Mervat mwanangu,

Umeuliza kama kuna jambo ningependa kukuambia. Yako mengi. Bata bukini wa Tafida wamefika kumi na mmoja na mmoja wao ananichukia mimi binafsi. Mfereji wa magharibi umezibuliwa. Mtoto wa Hajj Bayoumi amepata msichana wa Minya, familia nzuri, ila wanaongea kwa sauti kubwa mno. Bamia iliyokaushwa ukiipika iloweke kwanza katika maji ya ndimu, ama sivyo inateleza.

Nami ninalo swali langu. Katika barua zako tatu za mwisho nimemhesabu huyu Ustadh Lutfi mara tatu. Mkurugenzi wako hajafika hata mbili. Ana umri gani? Ni mtu wa wapi? Mama yake yuko hai?

Tafida amesoma barua yako begani kwangu akasema, "Huyu mtoto anajua kitu, na wewe unajua kwamba anajua." Nikamwambia akaangalie bata wake.

Mjombako


Kairo, 8 Novemba 1986

Mjomba,

Salamu kwa wote, na kwa bata yule naomba aendelee.

Nimeambatisha fomu. Sisemi ni ya nini. Imeandikwa juu yake. Mwisho wa kuipokea ni tarehe thelathini.

Ustadh Lutfi ana miaka thelathini na nne, ni mtu wa Damietta, mama yake yuko hai. Sioni inahusiana vipi na kitabu.

Mervat


Mallawi, 21 Novemba 1986

Mervat, mwanangu,

Safari hii nakuomba salamu ziwe fupi. Wazima.

Nimeisoma fomu yako siku kumi na moja. "Maombi ya kurejeshwa masomoni, mwanafunzi wa nje, mwaka wa nne, Kitivo cha Sheria." Mara ya kwanza niliitia mfukoni. Mara ya pili niliiweka chini ya godoro. Leo imejazwa, imo ndani ya bahasha hii, nami nina deni la kukueleza, maana kulisoma faili si sawa na kumsikia mwenyewe.

Ilikuwa Juni 1950, mtihani wa mwisho kabisa, Sheria ya Kimataifa. Mingine saba nilikuwa nimeshaifanya na nilikuwa naijua. Asubuhi ile nilichanganya majengo. Niliingia ukumbi uliojaa vijana, nikakaa kwenye kiti kitupu cha kwanza nilichokiona, milango ikafungwa, karatasi zikagawiwa. Swali la kwanza lilisema: eleza sababu za kuvimba kwa kiwele cha ng'ombe wa maziwa. Mervat, kwa dakika kumi nzima nilidhani ni kesi. Nilidhani ng'ombe wa nchi moja amevuka mpaka wa nchi nyingine akiwa mgonjwa. Nikapekua karatasi nikitafuta mpaka uko wapi. Hapo ndipo nikaona juu kabisa: Kitivo cha Kilimo.

Mlango ulikuwa hatua chache. Ningesimama, vijana wangecheka, ningekimbia ng'ambo ya uwanja na huenda wangeniruhusu kuingia. Sikusimama. Niliona haya. Nilikuwa na suti mpya aliyonishonea baba, mtoto wa Saidi, huko kusini mashambani, katikati ya watu wa mjini, na nikawaza, watasema nini? Nikachukua kalamu nikaandika kurasa sita juu ya viwele. Baba alifuga ng'ombe. Nilijua ninachoandika.

Niliporudi Mallawi nilikuwa na nia ya kusema. Nakuapia. Lakini baba alikuja stesheni na zumari na ngoma mbili, na ndama alikuwa ameshachinjwa. Akanikumbatia mbele ya watu akauliza, "Tukuite nani sasa?" Nikasema, "Niiteni Ustadh," kama waitwavyo wanasheria. Kulikuwa na mtihani wa marudio Septemba, lakini kurudi Kairo Septemba kungehitaji sababu. Nikaingia Umwagiliaji.

Miaka thelathini na sita, Mervat. Kila shahada ikitajwa natafuta bamia ya kuzungumzia.

Niondoe kwenye hiyo mia. Jina la kwenye fomu liache.

Fikri


Kairo, 1 Desemba 1986

Mjomba wangu,

Nimeisoma barua yako ofisini nikalia, halafu nikafika kwa ng'ombe aliyevuka mpaka nikacheka mpaka Dokta Shawkat akatoka kuuliza kama kuna msiba.

Fomu imepokelewa. Mkuu wa Kitivo cha Sheria alitaka kukataa. Alisema mtu aliyekosa mtihani mmoja mwaka hamsini amekosa. Ndipo Lutfi akamfungulia faili na kumwonyesha karatasi ambayo wewe hujawahi kuiona. Kitivo cha Kilimo waliisahihisha kazi yako. Walipogundua hawana mwanafunzi wa jina hilo, wakaituma Kitivo cha Sheria na barua: "Tunarudisha karatasi hii isiyo yetu. Mwenyewe amepata kumi na nne kati ya ishirini. Kama hana mpango mwingine, tungependa kuzungumza naye." Barua hiyo haikutumwa kwako kamwe. Mkuu wa Kitivo aliisoma mara mbili, akavua miwani, akatia saini.

Masharti: kanuni zimebadilika, kwa hiyo si somo moja. Ni mwaka wa nne wote, masomo manane, mitihani Mei. Vitabu ninavyo, vitakuja na treni ya Alhamisi.

Hapo kuna watu wa mabasi mawili na bango la mita nne. Hilo siwezi kukusaidia nikiwa huku.

Mervat


Mallawi, 26 Desemba 1986

Mervat mwanangu,

Vitabu vimefika, salamu zimefika, asante. Sasa keti.

Nilikwenda kahawani baada ya sala ya Ijumaa, nikapanda juu ya kiti. Nikasema yote: ukumbi, ng'ombe, kurasa sita. Nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Hajj Bayoumi akainuka na uso mwekundu akasema, "Subiri kwanza. Ile hati ya talaka ya binti yangu uliyoiandika, ni talaka au si talaka? Maana ameshaolewa tena!" Umm Ragab akapiga kelele kutoka nje kwamba pensheni hairudishi, hata wakija na jeshi. Sayyid muuza viatu akaniuliza taratibu, "Ustadh, mimi bado ni hai?" Na mtu mmoja wa Abu Hashish, nisiyemtaja, akasema kama mkataba ni batili basi pampu ni yao, akatoka kwenda kuichukua.

Nimetumia wiki mbili nikienda nyumba kwa nyumba kueleza kwamba ombi la serikali halitaki shahada, linataka mhuri. Abu Hashish na Abu Doma nimewapatanisha upya. Naggi hakusema nami siku tatu, halafu akanipigia mluzi niingie kunyolewa. Bango amelikata akatengeneza mataulo. Leo nimefutwa povu na neno MWANAWE. Mabasi yalikuwa yameshakodiwa, kwa hiyo siku ya sherehe yenu watu walikwenda bustani ya wanyama. Wanasema kiboko alikuwa mzuri.

Lakini hayo yote si kitu. Kitu ni Tafida.

Alinyamaza siku tisa. Chakula mezani, chai mezani, neno hakuna. Siku ya kumi alitoa bahasha kuukuu kabatini akaiweka mbele yangu. Ilikuwa barua ya kukubaliwa Kitivo cha Fasihi, 1951, jina lake. Mervat, sikuwahi kuiona.

Akasema, "Ulipokuja kuniposa, baba aliniambia: mhitimu mmoja nyumbani anatosha. Nikaona kweli, anatosha. Nikaiweka hii kabatini."

Akaikunja barua upya.

"Kumbe hata huyo mmoja hakuwepo."

Mimi niliyeishinda Wizara kwa barua arobaini na moja, nilipata maneno mawili tu. Nikamwambia, "Tafida, nimekukosea." Akasema, "Hilo ndilo la kwanza la kweli tangu unioe. Chukua kitabu, ukurasa wa kwanza."

Tangu siku hiyo ananisomesha. Anaweka goti juu ya mto, ananisomea kwa sauti, ananiuliza maswali. Nikikosea ananiangalia kama yule bata.

Niambie ya kitabu chenu.

Fikri


Kairo, 15 Januari 1987

Mjomba wangu,

Salamu kwako na kwa mwalimu wako. Mama anasema alikuwa akijua siku zote kwamba kuna kitu, maana kila akikuuliza kuhusu chuo ulikuwa unamsifia mlenda wake.

Kitabu kimetoka. Ni kizito, kina jalada jekundu, picha mia moja. Mume wa dada yake Dokta Shawkat yuko ukurasa wa sitini na mbili akiwa amesimama mbele ya gari lisilo lake. Wawili walioachwa wameleta wanasheria. Profesa wa ukurasa wa tisini na tatu anasema tumemchapa akiwa amefumba macho. Nimeapa sitafanya kazi ya watu mashuhuri tena. Nimeomba kuhamia masjala.

Ndiyo, masjala. Usihesabu mara ngapi.

Mkifika Mei mtalala kwetu.

Mervat


Mallawi, 2 Juni 1987

Mervat mwanangu,

Tumefika salama. Tafida alisinzia kuanzia Beni Suef, mimi nilikuwa bado nikijijibu maswali ya mtihani. Asante kwa kitanda, na mwambie Kawkab kwamba kuku wake wa siku ya mtihani wa nne nitamkumbuka mpaka kaburini.

Sikukueleza nilipokuwa hapo, kwa sababu mama yako alikuwa akisikiliza. Siku ya kwanza nilimsimamisha msimamizi mlangoni nikamuuliza huu ni mtihani gani. Akaniambia. Ndani nikamuuliza tena. Karatasi zilipogawiwa nikanyoosha mkono. Akaja amechoka. "Mzee wangu, ni Sheria ya Kimataifa, na ukumbi ni wa Sheria, na mwaka ni themanini na saba. Kuna lingine?" Vijana wote wakacheka, mia tatu wale. Nami nikacheka. Haikuuma, Mervat. Miaka yote ile nilidhani ingeuma.

Msichana aliyekaa mbele yangu aligeuka akaniita "Babu, Mungu akusaidie," akanipa pipi ya mnanaa.

Huyo Lutfi wako amenipeleka chini kuona faili langu. Ni mtu wa heshima. Alinipangusia kiti kabla sijakaa. Akija kwetu kuuliza jambo, mlango uko wazi. Ila aje na mama yake, ndivyo watu wanavyofanya.

Tafida ananituma niulize, "kama jambo la kawaida tu", iwapo Kitivo cha Fasihi kinapokea watu wenye magoti.

Fikri


Kairo, 9 Julai 1987

Mjomba wangu,

Safari hii salamu zitakuja mwisho.

Umefaulu. Masomo yote manane. Daraja la jumla ni "la kuridhisha", ila Sheria ya Kimataifa umepata "vizuri". Nilikwenda mwenyewe kwenye ubao, nikasukumwa na wasichana kumi, nikanyanyuliwa na Lutfi ili nisome safu ya juu. Jina lako liko kati ya Fikri Abdel-Shafi na Fikri Abdel-Wahid. Wahitimu wa mwaka huu ni maelfu. Daftari lao ni kurasa mia nne, hakuna picha hata moja, na halisomwi na mtu yeyote isipokuwa sisi wa masjala. Nimekunakilia ukurasa wako.

Lutfi na mama yake watafika Mallawi tarehe kumi na nne Agosti, kwa treni ya haraka inayosimama dakika mbili. Mama yake ni mnene, mshusheni upesi.

Fomu ya Bi Tafida imo humu. Kitivo cha Fasihi kinasema barua ya 1951 inatosha kuwa uthibitisho, na kwamba magoti si sharti.

Salamu, salamu, salamu.

Mervat


Mallawi, 3 Septemba 1987

Kwa Mervat, bibi harusi mtarajiwa, na kwa mama yako ambaye tangu Fatiha ya posa isomwe ananiandikia kila siku,

Sote wazima. Bata watatu walikwenda kwenye sahani za wageni wa Damietta. Yule adui yangu amebaki, Tafida alimficha. Ukurasa uliotuma nimeuweka kwenye fremu. Naggi aliutazama kwa muda mrefu akauliza, "Sasa wewe ni yupi kati ya hawa wote?" Nikamwonyesha. Akasema, "Maandishi madogo hivi, ningejua ningetoa kitambaa kidogo."

Nakurudishia fomu ya Tafida, imejazwa. Aliijaza mwenyewe mezani, kwa wino, hakutaka msaada. Mimi nilikaa pembeni kama wakili asiyeitwa. Jina, mwaka wa kuzaliwa, shule ya sekondari, yote sawa. Akafika mahali palipoandikwa: "Sababu ya kutojiunga na masomo." Nikamwambia, "Andika sababu za kifamilia. Ndivyo watu wanavyoandika."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwanasheria, tamko rasmi linatakiwa liwe nini?"

"La kweli," nikasema.

"Na likiwa la uongo?"

"Ni batili, pamoja na kila kilichojengwa juu yake. Ukurasa wa mia na kumi na nane."

Akainama akaandika neno moja. Utaliona mwenyewe, sehemu ya saba. Limeandikwa vizuri, halina hata doa: Fikri.

Chini yake fomu inataka shahidi wa kuthibitisha kwamba maelezo ni sahihi, awe mhitimu wa chuo kikuu. Nimetia saini.